Mama Yangu, Nyumba ya Mwingine

Maji ya muto ilibomoa jiko ya mama na ukuta ya chumba chake, kule Mutwanga, na mimi nikajua kisha siku mbili. Nani alinipigia simu? Hapana mama. Ni jirani yake, ule mwanamuke wa parcelle ya chini, kiwanja inayofuata ya mama. "Dada, usiogope, mama yetu eko kwangu." Mama yetu! Tangu lini? Nilikata simu bila kusema asante.

Kwangu Butembo, mutaa ya Mususa, nilitayarisha chumba: kitanda, matela mupya, blanketi nzito, sababu mama hajazoea baridi ya kule. Nikapanda gari mpaka Beni, na kutoka pale pikipiki. Njia yote nilikuwa na jambo moja tu ndani ya kichwa: kurudi na mama.

Nilipofika, ukuta ilikuwa imesimama tayari. Batu ba avenue, mutaa ya mama, Bakatoliki na Baprotestanti pamoja, balikuwa bamefanya salongo, ile kazi ya kusaidiana bila malipo. Babwana balikata miti, bamama bakakanda udongo na miguu. Alama za bidole zilikuwa bado mubichi, kwa hiyo mama alikuwa angali analala kwa jirani. Mama akanionyesha moja, akimutabasamia jirani: "Huu mukono ni ya ule binti yangu."

Binti yake! Na mimi ni nani? Wivu ilinichoma, ninasema kweli mbele ya Mungu. Mutu wa roho nzuri angefurahi mama yake amesaidiwa. Mimi nilitafuta kasoro. Nikasema ukuta imepinda.

"Imepinda, lakini inasimama," mama akajibu.

Jirani akatuletea bugali na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Alikuwa anajua mama hakuli pilipili. Alikuwa anajua goti gani inamuuma. Nikajifanya binti mwenye huruma, nikauliza, "Mama, ile goti ya kuume inaendelea namna gani?" Bakacheka bote babili. Ni ya kushoto, tangu mwaka jana. Nilikula ile sombe na hasira, na ilikuwa tamu, yaani hiyo ndiyo iliniudhi zaidi.

"Mama, twende Butembo," nikasema. "Kule hakuna muto ya kukufuata mpaka kwenye kitanda."

"Na hapa nani atapiga sufuria?"

Bamama ba ile kona ya muto bana mupango yabo. Ule wa juu akisikia mawe inabingirika ndani ya maji, anapiga sufuria. Wa pili anaipokea, anapiga yake, na vile mpaka chini kabisa. Mama ndiye wa pili.

"Batapata mwingine," nikasema.

"Batapata. Lakini kwa sasa bako na mimi."

Eh, kichwa ngumu! Siku ya tatu, kisha chakula ya saa sita, nilianza kukunja manguo yake ndani ya saki bila kumuuliza. Pale kwa mama jua ilikuwa inawaka, lakini milima ilikuwa imefunikwa na mawingu meusi. Mara tukasikia sufuria ya juu. Mama akaruka, akashika mufuniko na mwiko, akapiga, akapiga, mpaka wa chini akajibu. Mimi nikamukamata mukono: "Mama, tukimbilie kwa barabara!"

"Kule ndiko maji inapita, wee!"

Nikaendelea kumuvuta. Jirani akatokea, mutoto mumoja mugongoni, bengine mbele yake. Alitoa mukono ya mama ndani ya mukono yangu, polepole, bila kunitukana, akamupa bega lake. Bakapita nyuma ya migomba, batu bamezoea. Nikabafuata na saki. Tulipofika katikati ya kilima niligeuka: barabara yangu ilikuwa imejaa maji nyekundu na magogo. Hata pale, ninaungama, nilikuwa ninaangalia ile bega.

Juu, ndani ya uwanja wa kanisa, chef d'avenue, mukubwa wa mutaa, alianza kuita nyumba kwa nyumba, ili ajue hakuna mutu amebaki chini. Ilipofika zamu ya jirani, akajibu, "Tuko bote. Mimi, batoto, na mama."

Chef akaniangalia, matope mpaka magoti, saki kifuani. "Na huyu ni wa nyumba gani?"

Nilifungua kinywa. Mama akanitangulia, bila ubaya wowote, huku akipanguza uso ya mutoto wa jirani.

"Ule? Ni mugeni. Anarudi kwake kesho."