Uzito wa Kweli wa Shangazi Luukia

Shangazi yangu Luukia alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sikumbuki Jumamosi hata moja ambayo aliikosa bahari. Siku za kazi aliinua masufuria ya wali, Jumamosi aliinua ubao wake wa kupandia mawimbi. Watu wa Makaha, pwani ya kisiwa chetu, wanamfahamu kwa mambo hayo mawili: wali wake hauungui, na akipanda wimbi amesimama juu ya ubao, kasia mkononi, haanguki.

Alinichukua nikiwa na miaka minne, kama ilivyo desturi yetu mtoto kulelewa na ndugu wa mzazi wake. Hakuwahi kuniita mtoto wa kaka. Aliniita mwanangu, basi. Kila nilicho nacho kilipitia mikononi mwake, na ndiyo maana naandika habari za mikono hiyo na za bega lililoishiwa nguvu.

Ubao wake wa zamani ulikuwa na uzito wa ratili thelathini na sita. Tuliuita Ng'ombe. Shangazi alishika mbele, mimi nikashika mkia, tukamshusha kwenye mteremko wa mchanga mpaka majini. Mwaka aliostaafu, bega la kulia lilikataa. Daktari alimruhusu kupiga kasia, lakini alimkataza kujitwisha au kunyanyua kitu kizito. Tangu siku hiyo nilimbeba Ng'ombe karibu peke yangu, shangazi akishika pua ya ubao kwa heshima tu.

Mwaka huu nilihitimu chuo, nikapata kazi ya kufundisha mjini Hilo, katika kisiwa kingine. Barua ya kazi niliificha siku tisa kwenye droo ya soksi. Siku ya kumi shangazi alikuwa anapanga nguo.

"Kapua! Hii barua ni ya nini?"

"Ya kazi, shangazi. Nafikiria kuikataa."

"Kwa sababu gani?"

Nilichungulia dirishani. Nikamtazama Ng'ombe, aliyeegemea ukuta wa gereji. Shangazi naye akamtazama.

"Ala! Yaani nimekusomesha miaka yote hiyo uje uwe mshika mkia?"

"Sasa nani atakubebea?"

"Nitatafuta ubao mwepesi, nibebe mwenyewe. Nikishindwa, naacha mawimbi, nakaa barazani nisuke kofia kama wenzangu. Lakini wewe Hilo unakwenda."

Nilimjua. Hakuwa anatania. Nami moyoni niliapa kwamba akishindwa, siendi. Kwa hiyo ubao huo mwepesi, ambao bado hatukuwa nao, ulikuwa umebeba maisha ya watu wawili.

Tulikwenda kwa Tokuji Arakaki, fundi anayetengeneza mbao za mawimbi nyuma ya nyumba yake, ndani ya banda lenye vumbi jeupe kila mahali. Alimpima shangazi urefu wa mkono kwa kamba. Alimtembeza uani na mbao tofauti kwapani, mkono wa kushoto, akitazama wapi vidole vinafika. Akamuuliza kama huwa anaingia majini siku za upepo. Kisha akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Haya, dada Luukia. Una ratili ngapi?"

Fundi lazima aulize, maana ubao hukatwa kulingana na uzito wa mtu atakayesimama juu yake. Ukiwa mdogo mno, unazama chini ya miguu yako kabla wimbi halijafika.

"Mia na hamsini na tano," akajibu shangazi, bila kupepesa macho.

Nilikohoa. Wiki mbili kabla nilikuwa nimempeleka kliniki, na nilisimama karibu na mizani.

"Umemeza vumbi, mwanangu?"

"Ndiyo, shangazi."

Kwetu kijana hamsahihishi mtu mzima mbele ya watu, na kwa jambo kama hilo ndiyo kabisa. Mzee Arakaki aliandika namba, akapanda ngazi, akashusha ubao mweupe kutoka darini.

"Huu umekatwa kwa uzito huohuo. Nenda nao wiki moja. Ukipatana nao, nitakutengenezea wako."

Ulikuwa na ratili kumi na nane tu. Shangazi aliutia kwapani akacheka kama msichana.

Jumamosi alishuka nao mchangani peke yake. Mimi nilitembea nyuma, mikono mitupu, nisijue niiweke wapi. Leimomi, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa tayari amekaa juu ya ubao wake majini.

"Shoga! Huo ubao wa binti wa nani umeiba?"

"Wa mkweo!" shangazi akajibu, akaingia.

Alisimama juu ya ubao, ukazama kidogo, maji yakamfika vifundoni. Ubao ukayumba kushoto, ukayumba kulia, na kabla hajapiga kasia la tatu alikuwa ameanguka. Alipanda tena, akaanguka tena. Mawimbi matatu mazuri, ya kiunoni, yalipita mbele yake.

"Luukia!" Leimomi akapiga kelele. "Unapanda wimbi au unavua pweza kwa miguu?"

Siku nyingine angejibiwa jibu la kumzamisha. Siku hiyo shangazi alimpa mgongo. Alitoka majini, akaulaza ubao mchangani, akaketi kando yake, akatazama bahari kwa muda mrefu.

"Bega lilikuwa la kwanza," alisema. "Sasa miguu. Mpigie Tokuji, mwambie asihangaike kutengeneza."

"Shangazi..."

"Nimeshiba mawimbi, mwanangu. Miaka mingi. Namshukuru Mungu."

Alisema neno la shukrani kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Na mimi, niliyefundishwa adabu na mwanamke huyohuyo, niliona kwamba adabu yangu ndiyo ingemtoa baharini.

"Shangazi, si miguu," nikasema. "Ni ratili. Kliniki ilikuwa mia na tisini na mbili."

Alinigeukia polepole. Nilitamani mchanga ufunguke nijifukie.

"Ulisoma mizani yangu?"

"Nilikuwa nimekushikia viatu."

Aliitazama miguu yake, akautazama ubao, akaitazama tena miguu yake. "Mia na hamsini na tano," akanong'ona, "ni uzito wangu wa mwaka wa harusi ya Leimomi." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Hatukungoja wiki iishe. Jumatatu asubuhi tulikuwa bandani kwa Arakaki.

"Tokuji," shangazi alisema mlangoni, kabla hata ya salamu, "andika mia na tisini na mbili."

Mzee hakushangaa. "Nilijua tangu ulipoingia. Nimekata mbao miaka arobaini, dada."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikimwambia mtu uzito wake, ananinunia, anakwenda kwa fundi mwingine, kule anadanganya tena. Nikimpa ubao wa uongo wake, maji yanamwambia, na maji hakuna anayeyanunia."

Alifungua mlango wa kabati la makasia. Kwa ndani mlango ulijaa majina ya watu waliowahi kuazimwa ule ubao mweupe na mbao nyingine za darini, na kando ya kila jina namba waliyomtajia. Juu kabisa palikuwa na Arakaki mwenyewe: mia na arobaini. Katikati nikasoma, "Leimomi: mia na thelathini."

"Mia na thelathini!" Shangazi alilazimika kushika meza. "Paja lake moja tu linapita mia na thelathini!"

Akaandika jina lake chini, kwa herufi kubwa.

Ubao wake wa kweli ulichukua wiki tano. Una urefu wa futi tisa na nusu, mpana kidogo kiunoni, mwembamba mkiani ili ushike wimbi, na tundu la kushikia limechimbwa pale vidole vya mkono wake wa kushoto vinapofika, asilazimike kupandisha bega. Alitaka ratili kumi na nane kama ule. Mzee alikataa, akaupa ishirini na mbili, akisema ukiwa mwepesi kupita hapo, siku ya upepo utaruka bila yeye. Mimi na shangazi tulimpelekea sinia la nyama ya kuokwa ndani ya majani ya magimbi, pamoja na malipo yake.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari yangu ya Hilo, Leimomi alikuwa wa kwanza majini, kama kawaida.

"Shoga, umepona miguu?"

"Nimepona! Shikamoo, bibi mia na thelathini!"

Leimomi alifunika uso kwa mikono yake miwili, akakosa wimbi lake. Shangazi hakulikosa. Alisimama juu ya ubao mkavu mpaka vidole vya miguu, akapiga makasia manne, akaja nalo hadi ufukweni, kisha akautia ubao kwapani na kuupandisha mteremko bila kunitazama kama ninamfuata.

Nilibaki nimesimama pale na viatu vyake mkononi, nikimshukuru. Kisha nikaenda kufunga mizigo.