Wivu Juu ya Njia ya Zege

Wako waliojaliwa sauti, wako waliojaliwa mkono wa kupika. Lamyai alijaliwa mizani. Ungemwona alfajiri anakuja juu ya baiskeli yake nyeusi, sinia la vitumbua vya nazi kalipakata mkono mmoja, usukani kaushika kwa mkono wa pili, na hakuna kitumbua hata kimoja kinachotikisika, ungedhani ni njia inayosogea na yeye kakaa tu.

Na njia yenyewe si ya mchezo. Ni zege lililosimamishwa juu ya nguzo, linapita katikati ya minazi mifupi ya topeni tangu hekaluni mpaka shuleni, halina ukingo kulia wala kushoto. Wanaokwenda kwa miguu wanapita hapo hapo, wenye baiskeli hapo hapo, mbwa hapo hapo. Ng'ambo ya mto winchi za bandari ya Bangkok zinainua makasha makubwa kama nyumba. Huku, ukitaka kumpita jirani yako, lazima msikilizane kwanza. Msiposikilizana, mmoja anakwenda chini, na chini ni tope, lenye samaki wa macho ya kutokeza wanaokutazama kana kwamba wewe ndiye wa ajabu.

Kila shule ilipofunguliwa, mvua ndiyo kwanza zinaanza na zege linaota utando wa kijani, watoto wa darasa la kwanza walikabidhiwa kwa Lamyai awafundishe njia. Hakuna aliyemwajiri. Ilikuwa hivyo tu, kama vile jua ni la mashariki. Nusu ya wanakijiji walikuwa wamepita mikononi mwake, hata Mwalimu Wichian, mkuu wa shule, ambaye utotoni aliwahi kuangukia topeni na Lamyai akamvuta kwa sikio.

"Kengele si ngumi," aliwaambia watoto. "Unaipiga mara moja, ukiwa mbali, kama mtu anayebisha hodi. Ukimlizia mtu mgongoni umemtukana."

"Na ukitaka kusimama, shangazi?"

"Unanyoosha mkono juu kwanza, wa nyuma wakuone. Halafu unasogea kwenye tumbo." Tumbo ni pale njia inapotanuka kidogo, watu wapishane.

"Na mtawa wa hekaluni je?"

"Mtawa hapigiwi kengele! Unashuka, unachuchumaa pembeni mpaka apite. Akiwa mbele yako, unamfuata kwa miguu, hata kama umechelewa. Na ninyi wasichana mnajua, mtawa haguswi na mwanamke: hata ncha ya nguo yake isiwaguse."

Ndivyo maisha yalivyokuwa, mpaka Orathai alipoolewa kijijini.

Orathai alitoka kaskazini, kwenye barabara pana, kwa hiyo kila mtu alitarajia atakula tope wiki ya kwanza. Hakula. Alikuja na baiskeli ya rangi ya majani machanga na kengele yenye mlio mdogo mtamu, na kila aliyempisha alimwambia asante, akamtaja kwa jina. Watoto walianza kumsubiri njiani. Hata mbwa wa hekalu, yule mzee kiziwi ambaye hakuwahi kumpisha Lamyai miaka yote, akimwona Orathai alinyanyuka akasogea!

Lamyai alimpima kwa jicho lisilolala. Alitafuta kasoro kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki, na kila alipokosa, mwiba ulimkaa yeye kooni.

"Umesikia?" Chamnian, muuza tambi, alimwuliza siku moja akichochea sufuria. "Wazazi wanamtaka Orathai awafundishe watoto njia."

"Wazazi gani?"

"Wazazi wenye watoto, mama. Ulitaka wazazi wa paka?"

"Huyo bado mgeni."

"Mgeni gani, njia nzima inamwita kwa jina? Wewe wanakuitaje? 'Oyaa, vitumbua!'"

Lamyai aliacha tambi zake nusu bakuli, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Wichian. Alimkuta anafagia ofisi mwenyewe.

"Sijaamua, shangazi," alisema Mwalimu, macho kwenye ufagio. "Nitasema kabla shule haijafunguliwa. Wote wawili ni wazuri."

Wote wawili! Neno hilo lilimfuata mpaka nyumbani, likakaa naye jikoni, likalala naye kitandani.

Kulipokucha alikuwa na shauri. Hakuna binadamu asiyekosea akidhani yuko peke yake, alijiambia. Atamfuata Orathai kimyakimya, amwone akivunja adabu ya njia walau mara moja, kisha aende shuleni na ushahidi. Siku hiyo hakubeba sinia. Na kwa kuwa kengele yake ilikuwa na tabia ya kulia yenyewe kila tairi lilipopita kwenye viungo vya zege, aliifunga kwa kitambaa cha kichwa. Yeye! Yeye aliyefundisha kijiji kizima kubisha hodi!

Orathai alitokea kwake na chombo cha wali wa sadaka ya watawa kwenye kikapu. Lamyai akamwacha atangulie, akamfuata. Bibi mmoja alikuwa mbele anatembea, Orathai akapiga kengele mara moja, mbali, akapunguza mwendo, akasema, "Napita kulia, bibi, usijisumbue." Hakuna kasoro. Mtu wa baiskeli akatokea upande wa pili. Orathai akashuka tumboni, akampisha, akatabasamu. Hakuna kasoro. Lamyai akazidi kusogea. Sasa walikaribia kona yenye kivuli, mahali ambapo utando wa kijani haukauki, na kila mwenye akili hupunguza mwendo.

Atasimama hapa, Lamyai aliwaza. Tuone kama atanyoosha mkono. Hatanyoosha. Hakuna anayemwona, kwa nini anyooshe?

Alikuwa anautazama mkono ule kwa uchu, kiasi kwamba aliisahau njia.

Mkono ukanyooka. Juu kabisa, vizuri, kama kwenye picha ya shuleni. Orathai alishuka, akaegesha baiskeli, akavua ndala na kuchuchumaa ukingoni na wali wake, kwa sababu kwenye kona alikuwa anatokea mtawa, peku, bakuli la sadaka mikononi, macho chini.

"Kaunyoosha!" Lamyai alisema kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomlia ule muda wa kushika breki. Alipozishika, tairi lilikuwa tayari juu ya utando, linateleza. Kushoto Orathai kachuchumaa. Katikati mtawa. Kengele imefungwa, na hata ingekuwa wazi, nani anampigia mtawa kengele? Ilibaki kulia, na kulia hapakuwa na kitu.

Lamyai aliupinda usukani kulia.

Tope lilimpokea bila kelele nyingi. Aliposimama lilimfika mapajani, na samaki mmoja wa macho ya kutokeza alikuwa juu ya siti ya baiskeli yake.

"Umeumia, mama?" mtawa aliuliza kutoka juu. Asingeweza kumpa mkono, na Lamyai asingethubutu kuushika.

"Sijaumia, mheshimiwa," alijibu, viganja vya tope vimeunganishwa usoni.

Orathai alikuwa ameshaweka wali chini na kuruka. Alimshika kiunoni, akamsukuma juu, kisha akainyanyua baiskeli. Mtawa alipoona mama mzima ameketi kwenye zege, aliendelea taratibu, kwani mbele kulikuwa na watu wanamsubiri. Orathai alikiona kitambaa juu ya kengele. Alikitazama kidogo. Akakifungua, akakikunja, akakiweka kikapuni mwa Lamyai.

Hapo watu wakafika, Chamnian na mwiko wake mbele, na Kung, mtoto wa jirani ambaye mwaka huo ndiyo alikuwa anaanza darasa la kwanza.

"Buddha wangu! Lamyai topeni?" Chamnian alishangaa. "Nani kakuangusha?"

Na Lamyai akasikia kinywa chake kinasema, "Huyu hapa. Kasimama ghafla. Hakunyoosha mkono."

Watu wakamgeukia Orathai, naye alikuwa na tope mpaka kiunoni. Alimtazama Lamyai sawasawa, mpaka Lamyai akainamisha macho kwenye samaki. Kisha Orathai akaunganisha viganja, akainama.

"Nisamehe, shangazi. Mimi ndiye nilikuwa mbele, ilinipasa nijue kuwa uko nyuma."

Lamyai alisubiri watu wamlaumu. Badala yake, nini?

"Mnaona adabu hiyo?" alisema bibi mmoja.

"Mtoto kalelewa huyu," alisema mwingine.

"Na kaingia topeni na nguo zake nzuri!" Chamnian alitikisa mwiko. "Mimi ningeomba kwanza mtu anishikie sketi."

Mchana kutwa habari ilizunguka. Kila aliyekuja kununua vitumbua alimpa Lamyai pole ndogo ya harakaharaka, halafu akamsifu Orathai kwa kirefu. Kama ndivyo anavyoomba radhi akikosa, walisema, je, asipokosa? Lamyai alipiga unga kwa nguvu mpaka ukamrukia usoni.

Jioni Mwalimu Wichian alikuja hadi mlangoni. "Basi, shangazi, watoto ni wako. Orathai mwenyewe kaja kujitoa. Anasema baada ya yaliyotokea hastahili. Nimeona wachache sana wenye moyo kama ule."

Alikuwa amepata alichokitaka. Alikuwa amekishika mkononi kabisa, na kilikuwa kinaungua. Maana ni nani aliyesikia kwamba Lamyai kashinda? Hakuna. Wote walisikia kwamba Orathai kakubali kosa kwa uzuri. Na kosa lenyewe lilikuwa la nani? Mwalimu alipofika kwenye ngazi, Lamyai hakuvumilia tena.

"Mkono aliunyoosha!"

"Unasemaje?"

"Aliunyoosha! Juu hivi! Mimi ndiye nilikuwa nyuma yake kimya, kengele nimeifunga kitambaa, namvizia akosee. Hakukosea. Nimekosea mimi, nikadanganya mimi. Kanichukulia watoto kwa tabasamu, kanichukulia wazazi kwa kengele, hata yule mbwa kiziwi kamchukua. Asinichukulie na kosa langu! Hilo ni langu, nimelifanya mwenyewe!"

Mwalimu Wichian aliuma mdomo asicheke.

"Shangazi, hayo ni majuto au ni wivu?"

"Hilo kamwulize mtawa. Mimi nimesema nani alinyoosha mkono."

Mwalimu aliketi kwenye ngazi, akikuna lile sikio lililovutwa zamani. "Basi mwaka huu atafundisha Orathai," alisema mwishowe. "Lakini wewe, shangazi, una jambo hujawahi kutufundisha: kukutana. Ulikuwa unatuongoza peke yako, sote upande mmoja. Siku tulipokutana na baiskeli ya kweli, wengine tulikwenda kuwasalimia samaki. Nataka mtu awe anakuja kutoka upande wa pili. Utakuja?"

"Nikutane na yule?"

"Ndiyo, na yule."

Asubuhi ya somo, Orathai aliwapanga watoto tumboni, karibu na kona ya kivuli. Lamyai alikuja kutoka upande wa shule, akapiga kengele yake mara moja, mbali. Alipofika alishuka. Orathai naye akashuka.

"Pita, shangazi," alisema Orathai. "Mkubwa hupita kwanza."

"Pita wewe. Mwenye watoto hupita kwanza. Hiyo ilikuwapo kabla hujaolewa hapa."

"Sitaweza kukutangulia, shangazi."

"Na mimi sitaweza kukuzuia, mwanangu."

"Tafadhali."

"Tafadhali wewe."

Watoto walikuwa wanageuza shingo huku na huku kama wanaotazama mpira. Nyuma yao alisimama mzee na mzigo wa majani kichwani, na nyuma ya mzee baiskeli nyingine.

"Mkimaliza kupishana mtuambie," alisema Kung. "Mimi nina njaa."

Lamyai aliona hapo hapo kwamba anayepita kwanza ndiye atakayeonekana amepishwa, na sifa ya adabu itakwenda kwa mwenzake. Akaishika baiskeli yake, akairudisha nyuma mpaka ukingoni, tairi nusu hewani, karibu na tope kuliko Orathai alivyothubutu kuiweka yake. Njia ikafunguka pana. Watoto wakapita mmoja mmoja wakikokota baiskeli, na kila mmoja akasema asante. Lamyai aliitikia kwa kichwa, uso mtulivu kabisa, akitazama kwa pembe ya jicho ni nani kati yao aliyesema asante akiwa anamwangalia yeye.