Fomu Iliyokaa Juu ya Friji

Binti yangu alipoolewa, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilimtengenezea samadari kwa mikono yangu. Mimi ni seremala. Kazi niliisomea Unguja baada ya kumaliza skuli ya sekondari, kwa mzee mmoja aliyekuwa akituambia kwamba fundi anayechora hajiamini. Kwa hivyo sikuchora. Nilipima kwa shubiri na dhiraa, vipimo nikaviweka kichwani, nikakichonga kitanda kile kwenye gereji nyuma ya nyumba yetu Edmonton, huku ughaibuni, kwa muda wa miezi minne.

Kwetu samadari huungwa kwa ndimi za mbao zinazoingia matunduni. Ukitaka kuhama, unaigonga inaachana. Lakini kitanda cha namna hiyo hulia, na kitanda cha bibi harusi kikilia ni maneno mtaa mzima. Nyumba watakayokaa ilikuwa na kuta nyembamba kama bati, na wakwe chumba cha pili. Nikaona nimlinde mwanangu. Kila kiungo nilikitia gundi, tena gundi ya kweli. Kikawa kitu kimoja. Ukikitikisa, unatikisika wewe.

Siku yenyewe vijana wanne wa upande wa bwana harusi walikibeba mpaka kwenye ngazi. Chumba nilikuwa nimekipima. Ngazi sikuzipima. Kilipofika kwenye kona kikagoma, hakiendi juu wala hakirudi chini. Huko juu alikuwa somo wa bibi harusi, mama wa makamo aliyemfunda, anasubiri na kapu la asumini kuja kumwaga kitandani. Alichungulia akatuona tulivyobanwa.

“Fundi,” akasema, “maua yananyauka huku. Tukitandike hapo hapo ngazini?”

Wale vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikwenda kuchukua msumeno. Nikakikata vipande viwili, nikakiunga tena chumbani kwa vyuma na skrubu. Somo akakikalia kidogo kukijaribu. Kikalia kuliko samadari yoyote niliyowahi kuisikia maishani. Aliniangalia, akaanza kumwaga maua.

Wiki chache baadaye binti yangu alikuja kutuamkia, bado anacheka, ana fomu mkononi. Chuo cha mtaani kwetu kilikuwa na darasa la Jumamosi asubuhi kwa watu wazima, kufundisha kuunda vitu ndani ya kompyuta kabla ya kuviunda kwa mbao au chuma. Alinieleza, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, kwamba unakiona kitu pande zote, unakigeuza, hata ngazi unaweza kuziweka. Aliposema ngazi mama yake akatoka jikoni haraka, nikamsikia anacheka huko nje.

Niliiweka fomu juu ya friji. Ikakaa.

Sababu nilikuwa nazo nyingi. Macho yangu. Kiingereza changu cha kazini, kinachojua misumari lakini hakijui darasa. Na yule mzee wangu wa Unguja, marehemu miaka na miaka, nikimuona ananitazama nimeshika kalamu. Baada ya sala ya Ijumaa nilimtajia rafiki yangu mmoja, Mpemba, mtu wa maneno makali.

“Sheikh,” akanambia, “rika letu hili tunasubiri kusomewa Yasini, wewe unataka kusomeshwa kompyuta?”

Tukacheka, na nilifurahi kupata kisingizio kingine. Lakini hakuna hata kimoja katika hivyo kilichonizuia. Kilichonizuia ni fomu nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, watoto wakiwa wadogo, mke wangu alitaka kusoma kukata na kushona nguo, katika chuo hicho hicho. Alijaza fomu yake jioni kadhaa, kwa mwandiko mzuri, akanipa niitie posta nikienda kazini. Sikuitia. Niliogopa nyumba itakuwaje, nani atawapokea watoto, nani atapika. Na zaidi ya yote niliogopa atanizidi. Ilikaa ndani ya mfuko wa koti langu la baridi mpaka siku za kujiandikisha zikapita. Aliponiuliza nilimwambia hawakujibu. Akaenda kufanya kazi ya kutunza wazee, na ndiyo aliyoifanya miaka yote. Kosa lile ni langu. Sina wa kumgawia.

Sasa vipi niketi darasani ndani ya jengo lile, mimi niliyemfungia mlango wake? Ilikuwa ama nimwambie, ama fomu ioze juu ya friji.

Siku moja kabla ya mwisho wa kujiandikisha alikuwa anachambua mchele mezani. Nikakaa mbele yake nikamwambia yote, koti na uongo. Hakuacha kuchambua.

“Najua,” akasema. “Niliikuta nilipolipeleka koti dobi.”

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

“Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umechelewa, bwana, lakini umefika.”

Nikamwomba radhi. Macho yalimjaa, kisha akasema amenisamehe zamani, kwa ajili yake mwenyewe si kwa ajili yangu, maana kinyongo kilikuwa kinamharibia usingizi. Nikamwambia twende wote, darasa la kushona bado lipo. Hapo ndipo alipocheka kweli kweli.

“Miye? Miye ninachotaka sasa ni Jumamosi moja ndani ya nyumba hii bila ya wewe na randa yako. Nenda kasome.”

Nilikwenda kuipeleka fomu siku ile ile kwa miguu. Jumamosi ya kwanza nilikuwa mkubwa kuliko wote, na mwalimu ni msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Saa nzima nilipigana na kile kipanya cha kompyuta. Kila nikikivuta huku mshale unakwenda kule. Mwisho nikapata sanduku. Sanduku tupu, basi. Nikaligeuza, likageuka. Nikaliingia ndani, nikaziona pembe zake kwa ndani, pahali ambapo katika miaka arubaini ya useremala sijawahi kupafikisha jicho. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akaja kuuliza kama niko salama.

Wakati wa mapumziko nikaenda kwenye simu ya sarafu, nikampigia mke wangu kumwambia nimeunda sanduku.

Akaniuliza la kutia nini.

Nikamwambia bado sijui, lakini linazunguka. Akasema hongera, kisha akaniomba nisirudi mapema, ndio kwanza amekaa.