Wifi Yangu na Kabati la Ofisi ya Mtaa

Wifi yangu ni daktari, ila si wa kukutibu. Ukimwambia kichwa kinakuuma atakuuliza kinauma mara ngapi kwa wiki, kisha ataandika. Udaktari wake ni wa vitabu. Anafundisha chuo kikuu, na kwa miaka kumi na saba sasa kazi yake ni kuwauliza watu kama wanaiamini ofisi ya mtaa, diwani, polisi, hospitali na kila mahali penye meza na mhuri. Wanangu wanamwita Shangazi Dodoso, kwa sababu ya yale makaratasi ya maswali asiyoachana nayo. Anajua, wala hakasiriki. Siku moja aliwapanga sebuleni akawauliza ni wangapi kati yao wanamwita hivyo, na tangu lini.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeolewa na kaka yake, na tunakaa mitaa miwili kutoka kwa mama mkwe. Mimi na wifi tunataniana mpaka majirani wanadhani tunagombana. Nampenda, nalisema mapema ili nikianza kumsema mjue nasema kwa mapenzi.

Mwaka huu akaamua kuufanyia utafiti mtaa huu huu aliozaliwa. Akaleta wanafunzi wanne, wakapita nyumba kwa nyumba, nyumba mia mbili na kumi na mbili. Swali kubwa lilikuwa moja: unaiamini ofisi ya mtaa kwa kiasi gani? Moja ni siiamini kabisa, tano ni naiamini sana. Majibu yaliporudi, karibu yote yalikuwa moja. Wengine waliomba sifuri wakaambiwa haipo. Mama mkwe alitoa moja, akauliza kama anaruhusiwa kuitoa mara mbili.

Hilo halikumshangaza wifi. Watu wasingekuwa na mashaka na ofisi, yeye angekuwa hana ajira. Kilichomchanganya ni kabati.

Alikwenda ofisini kugongewa mhuri kwenye barua yake. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, benchi ambalo mguu wake mmoja umefungwa waya, na kalenda ya mwaka juzi. Karani wake ni mtu mwembamba anayeongea kama anayelipia kila neno. Jina lake sidhani kama kuna anayelikumbuka. Sote tunamwita Njoo Kesho, maana ndiyo salamu yake. Wifi alikaa kwenye benchi lile saa mbili akingoja mhuri, na katika kungoja huko akamwona mzee mmoja akiingia na bahasha, Njoo Kesho akifungua kabati la chuma la nyuma ya meza, akiandika kwenye daftari, mzee akitia dole gumba na kuondoka zake.

"Alichokuleteeni ni nini?" wifi akauliza.

"Hati ya nyumba yake. Anaihifadhi."

"Hapa?"

"Wapi tena?" alisema Njoo Kesho, na kumwambia barua yake aifuate kesho.

Wifi akaja dukani kwangu mbio, miwani juu ya kichwa, kalamu mbili kwenye nywele. "Wifi! Kabati limejaa! Hati za nyumba, vyeti vya kuzaliwa, mpaka wosia! Watu haohao walionipa moja!"

Sindano ya cherehani ikanivunjikia kwenye kitambaa cha mteja.

"Mbona umeshtuka?" akaniuliza.

"Sindano," nikasema. "Za siku hizi ni mbovu."

Sasa niseme ukweli, maana kwenu sina sababu ya kuficha. Kabati lile nalijua. Miaka miwili iliyopita mume wangu na wifi walikaa kikao, mimi nikiwa napitisha chai, wakakubaliana kwamba mama amezeeka, goti halimbebi, nyumba ina ngazi, basi iuzwe ahamie kwa wifi mjini, kwa faida yake mwenyewe. Mama mwenyewe aliitwa mwishoni, kuambiwa. Alisema "sawa wanangu" na kuomba sukari. Wiki iliyofuata alinijia asubuhi, kanga imefungwa vizuri, kitu kimekunjwa kwapani. "Nisindikize," akasema. Nilidhani tunakwenda zahanati. Tukaenda kwa Njoo Kesho, na nikatia sahihi kama shahidi kwamba hati ya nyumba imewekwa pale. Mume wangu hajui mpaka leo. Kila akimuuliza mama hati iko wapi, anajibiwa "iko mahali pake," naye anadhani ni chini ya godoro. Na safari hii mnunuzi alishapatikana. Angekuja kuiona nyumba mwisho wa mwezi.

Kama nilimkosea mume wangu au la, sijui. Nimelifikiria sana jambo hili na kila siku napata jibu jingine.

Siku mbili wifi alizunguka mtaani akiuliza kwa mdomo wake, bila wanafunzi. Nilikuwa naye alipomuuliza kinyozi.

"Ofisi unaiaminije?"

"Wale? Hata saa ya ukutani wasingerudi nayo wakiazimwa."

"Na cheti chako cha ufundi kiko wapi?"

"Kwao, kabatini."

"Kwa nini?"

Kinyozi akamtazama kama anayemwonea huruma. "Sasa nikiweke wapi, dokta?"

Akamweleza habari za ule moto. Wakati huo wifi alikuwa masomoni nje, hakuuona. Safu nzima ya nyumba iliteketea, ofisi nayo ikaungua paa na meza, lakini kabati la chuma likabaki limesimama kwenye majivu, na karatasi za ndani hata hazikubabuka. Tangu siku hiyo watu wanapeleka vitu vyao pale. Hakuna sheria iliyosema, wala tangazo. Wifi aliandika yote hayo, kisha akasimama katikati ya njia akajisemea, "Kwa hiyo wanaliamini bati, si ofisi?" Akakata. Akaandika tena. Akakata. Sijawahi kumwona amevurugwa namna ile, na mimi nilimwona siku ya harusi yake.

Siku ya tatu akaja na barua ya kibali. Njoo Kesho amekubali kumwonyesha daftari: kuhesabu ruhusa, kunakili hapana. Alitaka kujua wangapi kati ya waliotoa moja wana vitu kabatini. "Twende wote," akaniambia. "Mwandiko wa yule mtu ni balaa, na wewe ndiye unayejua nani ni nani hapa."

Nikamwambia nina gauni la bibi harusi. Akasema atangoja. Nikasema tumbo linanikata. Akauliza limeanza lini, na mara ngapi kwa siku. Nikaona nikijivuta zaidi atanishuku, nikavaa viatu.

Tulikaa kwenye benchi lile la waya, daftari mapajani. Mimi nasoma, yeye anachora vijistari. Nilipofika ukurasa wenye sahihi yangu nikajaribu kugeuza mbili kwa pamoja, nikajitia hamnazo.

"Umeruka," akasema.

Akafunua mwenyewe. Hakuhitaji msaada wa kuusoma mwandiko. Jina la mama yake lilikuwa pale, na chini yake Njoo Kesho alikuwa ameandika, kwa herufi alizojitahidi zisomeke: Hati ya nyumba. Asikabidhiwe mtoto wake yeyote, hata akija na barua. Shahidi: mke wa mwanawe. Na sahihi yangu, yenye mkia mrefu ninaouweka hata kwenye risiti za vitambaa.

Alisoma mara tatu. Nilihesabu.

"Wifi," akasema.

"Abee."

"Hii ni sahihi yako."

"Ndiyo."

Nilingoja anifokee. Ningependelea anifokee. Alifunga daftari polepole, akamrudishia Njoo Kesho, akamshukuru kwa adabu zote, na tukatoka tukielekea kwa mama.

Mama mkwe alikuwa chumbani, mguu mbaya juu ya stuli, anachambua vifungo vya nguo kuukuu ninavyompelekea asipate kukaa bure. Alituona tu akajua.

"Mmefika kabatini," akasema.

Wifi akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mama, nilipokuuliza kuhusu ofisi ulinipa moja. Ulisema ungependa kuitoa mara mbili."

"Na leo ningeitoa mara tatu. Miaka minne naenda kuwaambia mtaro umeziba."

"Sasa hati ya nyumba yako, kitu pekee ulicho nacho, umewapa hao hao. Ukaandikisha kwamba mimi nisipewe. Mimi, mama! Mimi nimekufanyia nini?"

"Bado hujanifanyia kitu, mwanangu. Ndiyo maana niliwahi."

Wifi akavua miwani.

"Nisikilize," mama akasema. "Yule karani hanipendi. Hanichukii pia, hanijui hata. Nikienda nikimwambia nipe hati yangu, atanizungusha siku tatu, atakunja uso, mwisho atanipa. Hataniuliza ya nini. Wewe nikikwambia nipe, utaniuliza ya nini, mama, na goti lako hilo? Kisha utampigia simu kaka yako. Mnanipenda sana nyinyi. Asiyenipenda hanipangii mambo kwa faida yangu."

Niliangalia vifungo. Wifi machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti, na bado akili yake ilikuwa inafanya ile kazi yake, nilimjua kwa namna vidole vilivyokuwa vinacheza.

"Lakini haiingii akilini," akasema. "Aliyepata moja ndiye aliyekabidhiwa. Haiwezekani. Sina mahali pa kuliandika jambo hili."

"Basi usiliandike."

"Na mimi je, mama?" Ilimtoka ghafla, kama mtoto. "Kutoka moja mpaka tano. Mimi ni ngapi?"

Mama hakumwonea haya. Alifikiri kweli kweli, kifungo kimoja kati ya vidole, muda mrefu kuliko ninavyodhani wanafunzi wale wanne walivyowahi kungojeshwa na mtu.

"Mbili," akasema.



"Mbili ni kubwa," mama akaongeza. "Ofisi nilitoa moja. Na kukupenda hakumo kwenye maswali yako, ungeniuliza ningekujibu." Akamwita asogee, akamfuta uso kwa pembe ya kanga, kisha akamwuliza kama amekula.

Yangu sikuthubutu kuiuliza.

Tulipotoka, wifi alisimama kwenye ile ngazi ya nje, ngazi iliyosababisha kikao chote, akapiga simu kwa kaka yake. Sauti ya mume wangu ilikuwa inasikika mpaka niliposimama mimi.

"Mwambie yule mnunuzi asije," wifi akasema. "Nyumba haiuzwi."

"Haiuzwi? Si wewe uliyesema ndilo jambo la busara?"

"Najua nilichosema."

"Sasa nini kimebadilika?"

"Sijui, kaka. Bado sijaelewa. Hati iko ofisini kwa Njoo Kesho, na sisi wawili hatupewi. Mama kaandikisha."

"Nani alimpeleka? Kwa goti lile hawezi kufika pale peke yake. Lazima kuna shahidi."

Wifi akanigeukia akanitazama. Huyu ni mtu aliyewahi kutupa kazi ya mwaka mzima kwa sababu mwanafunzi mmoja alibuni majibu ya nyumba tatu. Alinitazama vile vile anavyotazama takwimu asizozielewa, uso mzima umekunjamana.

"Daftari halionyeshi," akamwambia kaka yake, akakata simu.