Lori Lisilofika Dar

Zamani mke wangu alinijua kwa mngurumo. Nikiwa bado kwenye kona iliyo chini ya kanisa, huku kwetu Machame, yeye ameshaisikia injini inavyohangaika na kilima, ameshabandika maji ya kuoga. Tatizo ni kwamba maji hayo yalibandikwa kwa nadra. Kwa miaka mingi nilivuta semi kati ya Moshi na Dar, nikirudi nyumbani ni mgeni mwenye zawadi. Siku moja nikamletea mtoto wetu wa mwisho viatu vizuri vya ngozi. Havikuingia. Nilikuwa nimenunua kwa kukumbuka mguu wa mwaka uliopita. Akasema, "Asante, baba," akaenda kuviweka chini ya kitanda. Jamani, afadhali angelia.

Kwa hiyo tajiri wetu alipoleta semi ya umeme, sikuwaza hewa safi wala nini. Niliwaza kitanda changu, maana gari la chaji haliwezi kwenda mbali na nyumbani.

Tajiri ni Mwislamu wa mjini Moshi, mtu wa utani, na yeye kila dereva aliyetoka mlimani humwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga. Alilisimamisha lile lori uani, jeupe, lina trela fupi, halina bomba la moshi. Madereva wenzangu walicheka mpaka wakashika magoti. Mmoja akasema tajiri ameuziwa friji lenye magurudumu.

"Mangi, utalijaribu wewe," tajiri akaniambia. "Panda Machame ukachukue ndizi, teremsha mpaka sokoni Himo. Wanaoliuza wametuazima mpaka mwisho wa mwezi. Likiwa linajaza trela, nalinunua. Lisipojaza, nalirudisha, na wewe unarudi barabara ya Dar."

Safari ya kwanza nilipanda na trela tupu. Kimya! Nilisikia kuku wa watu. Nilisikia hata mgongo wangu mwenyewe ukilia. Lakini maajabu yalikuwa kwenye kuteremka. Lori la dizeli likishuka na mzigo wa ndizi, breki zinanuka mpaka unaomba Mungu. Hili ukiondoa mguu tu linajishika lenyewe, na huku linajishika linarudisha chaji kwenye betri. Hee! Nilisimama pembeni nikaitazama ile saa ya chaji mara ya pili. Ilikuwa imepanda. Na ukifikiri vizuri, mlima wetu umekaa kwa ajili ya gari la namna hiyo, maana tunapanda watupu na mzigo wote unashuka.

Furaha yangu ilikuwa fupi. Kila siku nilifika Himo na trela nusu. Nilipanda barabarani hakuna ndizi, niligeuza huko juu, nikashuka, mikungu ya kuhesabu tu. Nilichemka. Nikasema hawa akina mama wenye migomba wameninunia, ndizi wanawapa wenye Fuso. Mimi nikikasirika huwa naongea peke yangu, na lile lori kwa ukimya wake lilinifanya niyasikie vizuri sana matusi yangu mwenyewe.

Siku moja bibi mmoja, aliyetuuzia ndizi tangu marehemu baba yangu akiwa dereva, alitoka mbio kwenye kihamba chake, lile shamba la migomba la nyumbani, mundu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Umepita hapa kama mwizi!"

"Mama, nimepita mchana kweupe."

"Umepita bila kuunguruma! Sasa ndizi zangu atakula nani, ng'ombe?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Akina mama wa barabara ile hawajawahi kukaa kando ya njia wakisubiri lori. Wana ng'ombe, wana kahawa, wana wajukuu. Wanafanya kazi zao migombani, wakisikia lori linaunguruma kupanda ndipo wanakata mikungu, na lori likigeuza huko juu kurudi, mikungu iko barabarani, mibichi, bado inatoa utomvu. Hakuna aliyewapangia. Mngurumo ndio ulikuwa saa yao.

Ningenyamaza pale, ningekuwa na akili. Badala yake nikasema, "Mama, macho si unayo?"

Loo! Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake. Kesho yake barabara nzima haikutoa hata mkungu mmoja.

Mke wangu alipopata habari aliacha kumenya ndizi. "Umemjibu hivyo nani? Yule? Wewe tamaa yako ni kurudi Dar?" Akatoka nje, akakata jani la isale kwenye uzio wetu, akanitupia mapajani. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, naye akiliona hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Sijui nani aliweka sheria hiyo, namshukuru.

Asubuhi nilisimama mlangoni kwa bibi na jani langu, mwanamume mzima mwenye mvi. Alilipokea, akanitazama weee, halafu akaangua kicheko.

"Nimekusamehe wewe. Lori bado. Tutalijuaje likija?"

"Nitapiga honi, mama."

"Honi tunapigiwa na kila bodaboda. Wewe si unaimba besi kanisani? Imba."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikanunua kipaza sauti, vile vya watu wa matangazo, nikakifunga juu ya kabini. Nikipanda naimba nyimbo za kwaya, peke yangu, besi bila soprano, aibu tupu. Watoto wa shule walinifuata wakiniigiza. Lakini nikigeuza huko juu, mikungu imepangwa njia nzima, na bibi amesimama mbele ya yake akinikosoa ubeti wa pili.

Mwisho wa mwezi ulipofika, trela ilikuwa inafurika. Tajiri akaja uani, akalizunguka lori, akapiga tairi teke.

"Mangi, sema kweli. Nikilipeleka Dar?"

Nilijua kwamba tajiri anapenda gari linalokwenda mbali.

"Halifiki, tajiri. Njiani hakuna pa kulichaji. Litakulalia Same huko, uanze kutafuta wa kulivuta."

Akalitazama, akanitazama. "Basi litabaki na mlima," akasema. "Na wewe baki nalo."

Jioni ile nilipanda nikiimba kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Nilipofika nyumbani, maji yalikuwa tayari kwenye beseni, yanatoa mvuke.

"Leo umeimba vibaya sana," mke wangu akasema.

"Tajiri amelinunua."

Akaacha alichokuwa anafanya. "Litakwenda Dar?"

"Halifiki."

"Na wewe?"

"Na mimi sifiki."

Alichota maji kidogo akanirushia usoni, akakimbilia jikoni akicheka, na nilifurahi mno, nasema wazi.

Jumamosi tulishuka Moshi mjini, sokoni, kumnunulia yule wa mwisho viatu. Safari hii nilikwenda na miguu yake.