Kabla Hujasema Umelishwa

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja kule Kamanyola, mama mkwe wangu alipoingia uani kwetu bila kualikwa, akavuta kibao, akakaa mbele ya watu waliokuwa wakisema kwamba ananiua. Lakini ngoja kwanza nikueleze tulifikaje hapo, maana mambo ya namna hii hayaanzi Jumapili.

Nilikuwa nimeolewa Bukavu na Bisimwa, mwalimu wa sekondari. Tuliishi mtaa wa Kadutu pamoja na mama yake, mjane kutoka Mudaka, ambaye kila mtu alimwita Mama Bisimwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na mkono mzito wa kupakua. Kwake yeye, mke wa mwanawe akiwa mwembamba ni aibu ya nyumba nzima.

Haukupita muda, tumbo langu likaanza. Nikila, linajaa na kukaza, linanguruma mbele ya wageni, mara choo kinakimbia, mara kinagoma kabisa. Usicheke, ukicheka nitakueleza zaidi. Nikakonda, na Mama Bisimwa alipoona nimekonda akaongeza chakula. Maharage yenye vitunguu vingi na puaro, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu. Mkate asubuhi. Maziwa kutoka kwa ng'ombe wa ndugu zake Mudaka, na jioni mashanza, yale maziwa ya kugandisha tunayoyapenda sisi. Alivyozidi kunihurumia, ndivyo nilivyozidi kuvimba.

Nikapimwa. Bukavu kila tumbo ni amibe, vile vijidudu vya maji machafu, mpaka lijitetee. Nikanywa dawa za amibe, nikarudia, hali ikabaki ileile. Na tumbo lililoshinda dawa za amibe, kwetu lina jina jingine: karuho, sumu ya polepole ambayo mtu huwekewa katika chakula. Unajua tunavyoiogopa. Hata leo mtu akikukaribisha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, hunywa yeye kwanza ndipo akupe.

Kilichowasha moto ni hiki. Kila nilipoteremka Kamanyola kumsalimia mama yangu, nilipona. Kule bondeni tunalima mpunga, na kwa mama nilikula wali na samaki, siku zikipita nikarudi kuwa mtu. Nikipanda tena Kadutu, siku chache tu, tumbo hilo. Kaka yangu mkubwa, Safari, hakuhitaji ushahidi zaidi. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na methali ikitoka kinywani mwa kaka mkubwa huwa ni hukumu. Akanipeleka kwa mganga aliyenitapisha mpaka macho yakaingia kiza, kisha akanionyesha kitu cheusi kwenye beseni, akasema sumu ndiyo hiyo. Mimi nilikiona kama ganda la haragwe, ila sikuwa na nguvu ya kubishana.

Basi Safari akatuma neno Bukavu: Neema harudi tena. Neno hilo halikuishia mlangoni petu. Lisemwalo lipo, wakasema majirani, na jina la mama mkwe likaanza kutembea Kadutu lenyewe, bila miguu yake. Nawe unajua, mwanamke akishaitwa mlishaji wa sumu kwetu hana usalama. Vijana hukusanyika kwanza, maswali huja baadaye. Mimi nilikuwa Kamanyola nimepona, ninakula wali, na sikujua niamini nini. Nilimpenda mume wangu. Yule mama sikuwahi kumwona akinitendea ubaya. Lakini tumbo langu lilikuwa upande wa kaka yangu, na ni vigumu kubishana na tumbo lako mwenyewe.

Ndipo alipokuja, Jumapili hiyo, tumetoka kanisani. Mama yangu hakumpa mkono. Safari alisimama mlangoni pa jiko kama askari wa kizuizi cha barabarani. Mama mkwe akaweka mikono yake magotini, akamwambia mama yangu:

"Mama Neema, sikukuya kugombana. Banasema mukono yangu njo inamulisha Neema sumu. Basi leo mukono yangu haitagusa kitu. Pika weye mwenyewe. Maragi ya soko ya hapa, kitunguu ya hapa, maziwa ya hapa. Pika vile mi napikaka. Neema akule, tuone."

"Na akigonjwa?" Safari akauliza.

"Akigonjwa, weye utaniambia nani alimulisha."

Mama yangu akakataa. Alisema hawezi kumjaribu mtoto wake kama panya. Nilimwelewa, mimi mwenyewe niliogopa, kwa kuwa maumivu yale niliyajua. Nikamtazama yule mjane, aliyetoka mlimani kote huko kwa gari lililojaa, amevaa kitenge chake cha Pasaka kana kwamba anakwenda mbele ya hakimu. Nikamwambia mama yangu, "Mama, pika. Mi nitakula."

Alipika, kwa hasira, maharage ya sokoni yaliyoiva vizuri, vitunguu na puaro kama nilivyomwelekeza. Jirani akaleta maziwa. Mama mkwe hakuondoka kwenye kibao chake; hata maji ya kunawa aliomba amiminiwe na mwingine. Tukala wote. Jua halijazama, tumbo langu likajaa na kukaza kama la Kadutu, nikajikunja mkekani, na wote waliokula nami wakawa wazima.

Mama yangu akapiga magoti karibu nami, akaanza kulia. "Sasa ni mi? Mi njo nalisha mutoto yangu sumu?"

"Hapana," akajibu Mama Bisimwa. Hakupandisha sauti. "Haiko weye. Na haikukuwaka mi. Tumbo yake haijue jina ya mutu. Inajua chakula tu."

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu. Hakuna neno lililoingia kama hilo.

Nilirudi kwa mume wangu. Daktari mmoja, baada ya vipimo vingine, aliniambia nina koloni, yaani utumbo mpana, inayoudhika upesi. Utumbo mzima usio na kidonda, ila wenye hasira. Hakuniambia nile nini. Kwa miaka mingi nikaishi kwa kubahatisha, nikiogopa kila sahani, nikila wali mtupu kama mgonjwa wa hospitali. Hilo nalo ni kosa, na wengi wenu mnalifanya. Kula kwa woga si kula vizuri.

Ni miaka hii ya karibuni tu ndipo binti mmoja mtaalamu wa lishe alinipa jina la jambo lenyewe. Wanaita FODMAP. Ni aina za sukari zilizojificha katika vyakula, si lazima zilizo tamu, ambazo utumbo wa baadhi yetu haufyonzi vizuri. Zinabaki ndani, zinavuta maji, zinachemka kama kasiksi mtungini. Ziko katika maharage, vitunguu, kitunguu saumu, mkate wa ngano, maziwa, embe. Kumbe mama mkwe wangu alikuwa amezikusanya zote kwa upendo katika sahani moja.

Na usidhani nimeaga ladha. Ninapika, na wanaokuja kwangu huomba kuongezewa. Kitunguu nimekiacha, lakini majani yake ya kijani ninakata mengi, na sehemu ya kijani ya puaro vilevile. Harufu ni ileile. Kitunguu saumu ninakikaanga kizima katika mafuta, kikishatoa harufu ninakitoa chote na kukitupa, mafuta yanabaki na ladha. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na tangawizi kidogo. Bugali wa mahindi, au wa muhogo kwa kiasi. Viazi, karoti, biringanya, mchicha wetu wa lengalenga, mayai, kuku. Sombe, yaani kisamvu, ninaitwanga mwenyewe, kwa sababu ile ya sokoni huwa imekwisha kutwangwa na vitunguu ndani, na muuzaji atakuapia kwamba havimo.

Ila sikiliza hapa, maana hapa ndipo vijana mnapokimbia. Kuacha si kwa milele. Unaacha kwa majuma machache, tumbo likitulia unarudisha kimoja, unangoja, unaona, kisha kingine. Mwenda pole hajikwai. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba vitunguu na maziwa vina kesi na mimi kweli. Maharage, kijiko kimoja au viwili, hayanidhuru. Embe ninakula kipande. Nilikuwa nimeyanyima maharage meza yangu miaka yote hiyo bure, na nilipoyarudisha hayakuninunia.

Binadamu si hivyo. Safari, nampa haki yake, alipanda mwenyewe hadi Kadutu, akasimama mbele ya majirani wetu, akasema alikosea. Walimsikia, wakaitikia, wengine wakaja kusalimia. Lakini alikuwepo mama mmoja wa avenue yetu, rafiki wa mama mkwe wangu, waliyekuwa wakinunua mboga pamoja kila asubuhi. Huyo hakula tena kwetu mpaka alipohama. Alikuwa akisema ameshiba. Mama Bisimwa alimpakulia kila mara, akaifunika sahani, akangoja, kisha akaila mwenyewe. Iliniuma kumtazama, na inaniuma hata sasa ninapokuambia, ingawa amekwisha kuzikwa kwao Mudaka na nyasi zimeota.

Juzi nilikusikia, mwanangu, umeshika tumbo baada ya sherehe, ukitaja kwa sauti ya chini jina la mama aliyekupakulia. Ndiyo sababu nimekuita.

Basi nasaha yangu ni hii. Tumbo likikusumbua, nenda hospitali kwanza. Ukiona damu chooni, ukiwa na homa, ukikonda bila sababu, usijitibu kwa hadithi yangu, kimbilia daktari. Wakikupima na kukuambia ni utumbo wenye hasira kama wangu, tafuta mtu wa lishe akuongoze, kaa jikoni, kiulize chakula kimoja baada ya kingine, kwa subira. Chakula kishuku upendavyo. Kimezoea. Ukikionea leo, kesho utakirudisha mezani nacho hakitakuwa na kinyongo, wala majirani hawatakikimbia. Jina la mtu usilitoe kinywani kwa sababu ya tumbo lako, maana maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna juma utakalolirudisha jina la mtu mahali lilipokuwa.

Mungu akupe tumbo tulivu na ulimi mzito. Akupe watu wa kukupakulia, na akupe moyo wa kuila sahani yao, au kuwaambia kwa upole, ukiwatazama machoni, ni kitu gani ndani yake usichokiweza. Enda na amani, mwanangu.