Mlinzi Anayekata Sabuni ya Mama Yake

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, siku ya wageni. Mlinzi wa geti analaza mche wa sabuni juu ya ubao, anaubana kwa kidole gumba na kuukata vipande vinne. Anavinusa kimoja kimoja. Kisha anavipanga kwenye sahani ya bati na kumsukumia mwenyewe, mwanamke wa makamo anayemtazama kana kwamba amemchinjia kuku wake bila ruhusa.

"Pole, dada. Itatoa povu vilevile," anamwambia.

"Ningejua ningeleta ya unga."

"Ya unga naichekecha," mlinzi anajibu, na foleni nzima inacheka.

Hii ni nyumba ya kutibu uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ina vitanda ishirini na viwili, katika mji mdogo ambako kila mtu anajua nani amelazwa humo na kila mtu anajifanya hajui. Anayelazwa hukaa siku tisini. Kazi ya mlinzi ni kuhakikisha kilichomleta mgonjwa hakimfuati humo.

Na kinafuata. Kwa miaka mitano getini hapa amekuta vidonge kwenye pindo la suruali, bangi chini ya soli ya ndani ya kiatu, na pombe kali kwenye chupa ya maji iliyofungwa vizuri kama imetoka dukani sasa hivi. Mafuta ya kujipaka anayachoma kwa spoku ya baiskeli hadi chini. Mkate anaumega. Wagonjwa wamembatiza Daktari wa Upasuaji.

"Wengine wananiita hivyo kwa hasira, wengine kwa utani. Mimi naitikia tu," anasema akifuta kisu.

Lakini sabuni ndiyo anayoikata kwa makini kuliko vyote, na ana sababu.

Miaka sita iliyopita alikuwa mgonjwa humu humu, chumba cha tatu, kitanda cha dirishani. Alikuwa seremala. Pombe ilikuwa imekula kazi, ikala na ndoa. Wiki moja dawa za kutuliza zilikuwa zimekwisha, na mama yake alipokuja kumwona alimkuta anatetemeka hata kijiko hakifiki mdomoni. Jumamosi iliyofuata mama alileta mche wa sabuni. Ulikuwa umechimbwa katikati, na ndani mlikuwa na vipakiti viwili vya nailoni, vya pombe kali.

"Alinikabidhi, akanibana mkono. Nikajua," anasema.

Alivinywa chooni, akagunduliwa kwa harufu, akarudishwa kuhesabu kuanzia siku ya kwanza. Alipoulizwa nani kaleta, alisema ni rafiki. Ameturuhusu kuandika ukweli baada ya kumuuliza mama yake, ambaye alijibu kwamba yeye hana aibu ya kumpenda mwanawe.

"Mpaka leo sielewi," mlinzi anasema. "Watu wanataka niseme mama alikosea. Sawa, alikosea. Lakini muuguzi aliniambia baadaye kwamba kutetemeka kule bila dawa kunaweza kuua mtu. Mama alikiona kifo kabla ya muuguzi. Sasa aliniharibia au aliniokoa? Siku ile nilimpenda kuliko siku zote. Hiyo ndiyo inayonitisha."

Alipopona aliomba kazi ya geti. Ombi lake la kwanza kwa msimamizi lilikuwa sabuni zote zikatwe.

Sasa kwenye chumba kilekile amelazwa mdogo wake, kitinda mimba wa familia. Ni mara yake ya tatu. Daktari amewaambia kwamba ini limechoka, na akiigusa tena pombe safari hii, hakutakuwa na mara ya nne. Leo ni siku yake ya kumi na mbili, na anatetemeka.

Na kwenye foleni, mtu wa saba, amesimama mama yao na mfuko mkononi.

Utaratibu unasema mlinzi asimkague ndugu yake, amwite mwenzake. Mwenzake siku za wageni ni mpishi. Mpishi anatoka jikoni na mwiko, anaona aliyesimama mezani ni nani, anaanza kurudi kinyumenyume.

"Mimi nimpekue mama yako? Halafu kesho nimwamkie kwa mdomo upi? Hapana, kaka, mtamalizana wenyewe."

Mlinzi anashusha pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mdogo wako anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo. Weka mfuko hapa, mama."

Anatoa shati, dawa ya meno na mche wa sabuni. Kisu kinakaa juu ya sabuni muda mrefu kuliko kawaida. Anakata mara mbili. Vipande vinakuwa vinne. Vinakuwa vinane. Hakuna kitu. Anaendelea kukata mpaka ubao umejaa vipande visivyoshikika.

"Umeridhika?" mama anauliza. "Au na mtandio nivue?"

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Kazi ni kazi."

Anavizoa vipande kwa mikono miwili na kuingia ndani bila kugeuka. Mlinzi anakaa kwenye kiti. Wageni watatu wanampita na mifuko yao hivi hivi, mpaka mpishi anapiga kelele kutoka dirisha la jikoni na wote watatu wanarudishwa.

"Unajua kinachonichanganya?" anamwambia mwandishi wa habari hii baada ya geti kufungwa. "Sijui nilitaka nikute au nisikute. Ningekuta, ningekuwa nimemwokoa mdogo wangu na kumpoteza mama. Sikukuta, na bado naona kama nimempoteza."

Jumamosi inayofuata mama ni wa kwanza kwenye foleni. Sabuni yake imeshakatwa vipande vinne, sawasawa.

"Nimekurahisishia," anasema.

Mlinzi anavitazama. Aliyekata mwenyewe nyumbani huenda amesamehe. Huenda pia amejifunza kuficha vizuri zaidi. Anamtafuta mpishi kwa macho, na mpishi ghafla ana shughuli nyingi sana na sufuria. Mwisho anachukua kisu na kukata kila kipande mara moja. Hakuna kitu.

Mama anatikisa kichwa, kisha anacheka. "Wewe kweli nilikuzaa mimi."

Anaingiza mkono kwenye mfuko na kutoa mche mwingine, mzima, ungali ndani ya karatasi yake.

"Huu si wa mdogo wako. Ni wako. Kafulie hilo shati, kola inatia aibu."

Mche huo haujafika nyumbani kwake. Umo kwenye droo ya meza ya getini, na ufunguo wa droo anao mpishi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyempa.

"Miaka sita sijaonja," anasema. "Nikiukata peke yangu nikakuta kitu, sijui nitafanya nini. Nikikuta hakuna, nitamtazamaje mama?"

Mpishi anafungua droo ili mwandishi aone. Karatasi haijabanduliwa. Mlinzi anaupima mche kwenye kiganja, anaupeleka karibu na pua, anajizuia, anaurudisha mahali pake pembeni ya kisu.

"Karatasi si inaweza kugundishwa upya?" anauliza.

Mdogo wake amebakiza siku sabini na moja. Kutetemeka kumepungua, na juzi alimaliza bakuli zima la supu bila kumwaga. Mlinzi anazihesabu siku hizo kwa chaki nyuma ya mlango wa kibanda chake, na mpango wake ni mmoja tu.

"Siku akitoka, nitawaweka wote wawili, yeye na mama, hapa mezani. Nitamtolea mama sabuni hii na kisu changu, nimwambie, kata wewe. Mimi nitageuka nitazame getini." Anafunga droo na kumrudishia mpishi ufunguo. "Akisema hakuna kitu, nitamwamini."